Kahawa ya Mwaka Huu Haikauki

Jumapili, 1 Juni 2025

Naandikia nyuma ya kaunta buku hili kwa sababu mbele kumejaa. Mbele ni mwandiko wa Jovin, mume wangu. Miezi tisa ya mwandiko wake: uji vijiko vingapi, nimetapika saa ngapi, joto, dawa, choo. Nimefungua ukurasa mmoja nikafunga. Nani anataka kujisoma akiwa kwenye beseni? Nimegeuza daftari juu chini, nimeanzia huku. Huku ni kwangu.

Kesho narudi kazini. Chama cha msingi hapa Kimuli, meza ya kupokea kahawa. Nilikaa kwenye meza ile miaka kumi na moja, mpaka saratani ya mlango wa kizazi ikanipeleka Mwanza. Edgar amenishikia msimu mmoja. Mwenyekiti Rwegasira amesema nirudi, Edgar ahamie kwenye mizani, halafu katikati ya Julai "tutaangalia." Wataangalia nini, hakusema. Najua mwenyewe. Wataangalia kama bado naiweza, na kama siiwezi, meza ni ya Edgar.

Leo usharikani tumetoa shukrani. Mkungu mmoja wa ndizi, kuku mmoja. Watu wamenishika kama yai. Na wote wananisemesha kwa sauti ile ya wodini, ya chini chini. Pole mama. Pole waitu, mwenzetu, ukapumzike. Nimelichoka neno hilo. Nimepumzika mpaka mgongo ukaota vidonda — nipumzike tena wapi?

Jumatatu, 2 Juni

Jovin kaamka kabla yangu. Kapika uji. Kanipakia mfuko: maji, kanga ya akiba, dawa, ndizi za kuchemsha, na kopo tupu la maziwa ya unga na mfuniko wake. Nikauliza, kopo la nini? Akasema la kuwekea chochote. Mgonjwa haulizwi uji, na kwa mume wangu mgonjwa haulizwi kitu chochote. Nimetia kalamu zangu humo.

Njia ya nusu saa nimeitembea kwa saa nzima. Nimekaa chini mara tatu. Jovin alikuwa nyuma na baiskeli, anajifanya anakagua migomba ya watu.

Edgar alikuwa ameshaondoka kwenye kiti. Shikamoo mama, karibu nyumbani. Kakipangusa kwa leso yake. Ana mke, ana mtoto, ana adabu. Natamani angekuwa na kiburi kidogo, ningepata pa kumchukia.

Kazi yenyewe naiandika hapa, maana leo mikono ilisitasita na nataka niione kwenye karatasi. Mkulima analeta maganda, yaani kahawa iliyokaushwa na ganda lake. Nazamisha mkono mpaka katikati ya gunia. Siyo juu, juu kila mtu anaweka nzuri. Natoa konzi moja. Nafunga ngumi, napeleka sikioni, natikisa. Kavu inalia, punje imeachana na ganda na inacheza ndani. Mbichi iko kimya. Nikiwa na shaka nang'ata moja. Ikilia, inakwenda kwenye mizani kwa Edgar. Isipolia, rudi nayo ukaanike. Kipima unyevu cha chama kiliharibika zamani na hakuna aliyehangaika nacho. Sikio langu lilikuwepo. Jina langu ni Placida, lakini huku wananiita Mama Sikio, na sijawahi kukataa.

Leo nimerudisha watu kumi na mmoja. Hata masika sijawahi kurudisha kumi na mmoja kwa siku moja. Edgar alinitazama, kisha akatazama mizani yake.

Jumatano, 4 Juni

Kahawa ya mwaka huu haikauki. Jana tisa, leo saba. Nimemwambia Jovin. Akasema mvua za Mei zilizidi. Huenda ni hizo.

Leo amekuja Mukandekezi. Mjane, miaka sabini na kitu, anakaa ng'ambo ya bonde. Anakuja kwa miguu na tenga kichwani, hana wa kumbebea. Kahawa yake anaianika kwenye mkeka na anakaa nayo kutwa, fimbo mkononi, anafukuza kuku. Miaka yote kumi na moja hajaniletea mbichi hata siku moja. Leo kimya. Nilitikisa mara mbili kwa heshima yake. Kimya. Nikamwambia, bibi, siku tatu zaidi juani. Akasema kitu kwa Kinyambo, polepole, sikukidaka. Akajitwisha tenga lake akaondoka.

Watu wanatafuna maneno siku hizi. Sijui ni huruma au ni umbeya.

Ijumaa, 6 Juni

Nimelala na viatu. Jovin ndiye kanivua. Sina zaidi.

Jumapili, 8 Juni — Pentekoste

Sikwenda kanisani. Miguu ilikataa. Jovin naye kabaki, anageuza kahawa yetu kwenye turubai uani.

Nilikuwa nimekaa kibarazani namwangalia. Akachota konzi, akapeleka sikioni, akatikisa. Akatabasamu peke yake. Tabasamu hilo nalijua, ni la mtu aliyesikia kahawa kavu. Akasema hii hata kesho inakwenda. Kisha akaingia ndani kufuata maji.

Nikashuka. Nikachota palepale alipochota yeye. Nikatikisa. Kimya. Sikio la pili. Kimya. Nikatikisa mpaka bega likauma. Niling'ata moja — ikapasuka, kipande kikaruka. Kavu kabisa!

Nikakaa chini kwenye turubai. Kuna ndege kwenye mparachichi wetu kila asubuhi, nilidhani mwaka huu wamehama. Nikainua macho. Wapo. Midomo inafunguka na kufumba.

Kahawa inakauka vizuri tu. Mimi ndiye sisikii.

Kumi na mmoja Jumatatu. Tisa. Saba. Alhamisi na Ijumaa sikuhesabu hata. Wote hao wamebeba kahawa kavu wakarudi nayo nyumbani kwa sababu yangu. Na Mukandekezi na tenga lake.

Jovin alitoka na maji akanikuta nimekaa katikati ya kahawa. Nikamwambia kizunguzungu. Nimedanganya. Ni rahisi sana kudanganya ukiwa mgonjwa, kila mtu anakuamini.

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimetumia meno. Natikisa sikioni kwa ajili ya macho ya watu, kisha nang'ata. Punje moja haisemi habari za gunia zima, kwa hiyo nang'ata tano, sita. Kinywa kimejaa uchungu. Jioni taya halifunguki vizuri.

Nimerudisha wawili tu. Mstari ulifurahi. Mtu mmoja alisema Mama Sikio amepona sasa. Hilo nililisikia, ana sauti nzito.

Jumatano, 11 Juni

Nimekumbuka. Mwanza, siku ya dripu ya mwisho. Daktari alisimama miguuni pa kitanda akasema dawa hii inaweza kula masikio, hasa zile sauti nyembamba, nikiona mabadiliko nirudi wanipime. Nilitikisa kichwa. Nilikuwa nawaza mlango. Siku ile ningekubali hata angeniambia dawa hii inakula miguu.

Sauti nyembamba. Ndege. Kahawa kwenye ngumi. Herufi zinazong'atwa, ndiyo maana watu wanatafuna maneno.

Wazee wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Langu limekufa kwa dawa yenyewe. Sitaki kulalamika, dripu ile ndiyo imeniacha hai na wenzangu wawili wa vitanda vya pembeni hawakurudi makwao. Lakini hapa hakuna anayesoma. Basi niseme. Nalililia sikio langu. Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho watu wa Kimuli nzima walikuwa hawana, na sasa sina.

Jumamosi, 14 Juni

Fundi Mwesiga katuma mtu. Kuna madarasa yanajengwa Chonyonyo, anamtaka Jovin kuanzia Jumatatu. Jovin kakataa kabla mtu hajamaliza salamu.

Tumegombana. Miezi tisa hajashika mwiko. Mwiko wake upo chini ya kitanda, umeota kutu mpaka kwenye mpini. Alikuwa fundi anayegombewa, sasa anajua bei ya pampasi za wakubwa. Nikamwambia nenda. Akasema nani atanichemshia maji? Mimi. Nikianguka je? Nikianguka nitafika chini, nikamwambia, hakuna zaidi ya chini. Akacheka bila kupenda.

Hii ndiyo sababu sisemi. Nikimwambia sisikii, hatatoka tena kwenye mlango huu. Atakaa hapa awe masikio yangu kama alivyokuwa mikono yangu, na Mwesiga atapata fundi mwingine. Mmoja wetu lazima apone kabisa.

Jioni kasugua mwiko kwa mchanga. Kisha kaja mbele yangu. Siku hizi hasemi kitu mpaka azunguke aje mbele. Akauliza, huko kazini uko sawa? Nikasema niko sawa. Akasema haya, sawa.

Jumatatu, 16 Juni

Kaondoka saa kumi na moja alfajiri, kwa pikipiki. Atarudi Jumamosi. Kabla ya kuondoka kaniwekea maji kwenye ndoo nne kana kwamba naoga kama ng'ombe.

Njiani nimegeuka nyuma mara mbili kutafuta baiskeli. Nilikuwa naiona kero.

Alhamisi, 19 Juni

Jino limepasuka. La nyuma, kushoto. Nimeng'ata ganda nikasikia kwa ndani ya kichwa, hilo nalisikia vizuri.

Mukandekezi karudi palepale, jino likiwa linavuja damu. Siku kumi na tano kahawa imekaa juani. Ilikuwa kavu, lazima ilikuwa kavu. Lakini sikuweza kung'ata. Nikatikisa, kimya. Na nyuma yake kuna watu ishirini, na Edgar kasimama na kalamu anasubiri nimwambie ndiyo au hapana. Nikaogopa. Ningesema ndiyo bila kusikia? Nilikula kiapo cha meza ile. Nikasema bibi, bado.

Hakubishana. Kafunga tenga kwa jani la mgomba, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto. Wa nyuma yake wakaguna. Wakati anajitwisha nilitaka kusimama nimsaidie. Sikusimama. Ningemtazama vipi?

Nilikuwa sijawahi kumwonea mtu kwenye meza ile. Naandika hivyo na aibu yote.

Jumamosi, 21 Juni

Jovin karudi. Mikono imechubuka, malengelenge matano. Anasema mikono imesahau. Siku ya kwanza ukuta wake ulikwenda kombo, Mwesiga akauvunja mbele ya watu. Vijana wa zege wanamwita Nesi. Nesi, leta tofali. Nesi, mgonjwa anaita. Kasimulia akicheka, lakini alikuwa anatazama sahani.

Kasinzia na tonge mkononi. Nimemtoa tonge, nimemnawisha, nimemvua viatu. Zamu yangu. Ana soksi yenye tundu kwenye kisigino, na mimi ndiye nilikuwa mshonaji wa soksi nyumba hii. Nimeishona.

Jumatano, 25 Juni

Baada ya yale ya Mukandekezi nimekuwa nasema ndiyo. Karibu kila mtu ndiyo. Jino halitaki kung'ata, basi naangalia rangi, naangalia uso wa mtu, nabahatisha.

Leo mchana Edgar kaniita stoo. Kanishika kifundo cha mkono, kanizamishia mkono kwenye gunia moja. Ndani moto. Joto la mtu mwenye homa. Kahawa mbichi imefungiwa, imeanza kuchemka yenyewe, na harufu yake ilikuwa imeshaanza. Ni ya Jumatatu, niliipitisha mimi.

Kaitoa nje kaimwaga kwenye turubai. Nilimsaidia kuisambaza kwa kadiri nilivyoweza kuinama. Akaja karibu akasema, mama, mwenyekiti asipouliza sitasema. Akiuliza nitasema.

Ni haki. Nikamwambia, ndivyo nilivyokufundisha.

Ijumaa, 27 Juni

Uchovu. Siyo wa miguu, huo naujua. Ni wa kutazama midomo ya watu kutwa nzima na kucheka wanapocheka. Nikifika nyumbani uso unauma.

Alhamisi, 3 Julai

Mwenyekiti Rwegasira kaja nyumbani jioni. Na mkungu wa ndizi, na sukari. Mtu akija na sukari ujue maneno ni machungu.

Kakaa, nikampa kahawa ya kutafuna kama desturi, kachukua punje mbili kaweka kinywani kazungusha muda mrefu. Nilihamisha kiti changu nimtazame usoni. Akasema malalamiko yamemfikia. Mwezi uliopita wanasema nimekuwa mkali, nawarudisha na kavu. Wiki hii wanasema nimelegea, napitisha chochote. Kuna wanaosema nina watu wangu. Yeye haamini. Na gunia lile kaliuliza, Edgar kasema.

Nikauliza, Mukandekezi kalalamika? Akasema hapana, majirani zake ndio. Yeye wakimuuliza anasema Placida anajua kazi yake, kama amesema bado ni bado. Ameianika tena.

Hilo lilinimaliza. Angenitukana ningepona.

Halafu likaja lile neno. Pumzika, mama. Meza itakusubiri. Nikamwambia mwenyekiti, meza haijawahi kumsubiri mtu, hata wewe ukifa kesho tutachagua mwingine Jumamosi. Akacheka, si mtu mbaya. Nikasema sipumziki. Akasema basi Jumanne, baada ya Sabasaba, atakuja kukaa pembeni yangu, asubuhi mpaka mchana, aone kwa macho yake. Ikiwa sawa ni sawa. Isipokuwa sawa, Edgar anakaa siku hiyohiyo.

Sina pa kumlaumu. Nimebaki na sukari yake.

Jumatatu, 7 Julai — Sabasaba

Jovin yupo, ni sikukuu. Yuko uani anashona magunia. Mimi nilikuwa natafuta tarehe ya kurudi kliniki, nikageuza daftari hili nikafungua upande wake. Nilitaka ukurasa wa mwisho tu.

Nanakili hapa, nisije nikasema niliota.

*19 Feb. Nimemwita kwa nyuma mara tatu. Hakugeuka.*

*2 Machi. Tumefika nyumbani. Asubuhi ndege wanapiga kelele. Anasema pametulia vizuri.*

*11 Machi. Nimetikisa kahawa kwa ngumi nyuma ya kiti chake. Hakugeuka. Nimesogea. Hakugeuka.*

*12 Machi. Kahawa kwenye chupa ya soda, hapana. Kwenye boksi, hapana. Kopo la maziwa, amegeuka. Nimerudia. Amegeuka mara nne zote. Akaniuliza nacheza nini.*

*13 Machi. Nasubiri aseme. Akiambiwa na mimi atakuwa mgonjwa tena. Aseme mwenyewe.*

*20 Machi. Hajasema.*

*14 Apr. Hajasema. Labda hajajua.*

*31 Mei. Jumatatu anarudi kazini. Nitamwekea kopo.*

Hapo ndipo upande wake ulipojaa.

Kwanza nilikasirika. Kumbe miezi minne mtu ananitikisia kahawa mgongoni kama anayemjaribu mbwa! Nilitaka kutoka nimrushie daftari. Nikafika mlangoni. Alikuwa ameinama na sindano ya gunia, ulimi nje, anashona kwa malengelenge yake. Nikarudi nikakaa kitandani nikalia.

Anajua. Alijua akienda Chonyonyo. Aliniuliza uko sawa, nikasema niko sawa, akanipa nafasi yangu akaenda kuitwa Nesi.

Nikachukua mfuko wa kazini. Kopo lipo, limejaa kalamu. Mwezi mzima nimelibeba kila siku. Nikamwaga kalamu kitandani. Nikachota kahawa kavu ya stoo yetu, nikafunga mfuniko, nikatikisa. Ipo. Siyo ile yangu ya zamani, ile ilikuwa nyembamba na safi. Hii ni nzito, inagonga bati, inatoka mbali. Lakini ipo. Nikachota iliyochumwa juzi, bado ina maji. Inadunda tu. Nikafumba macho nikachanganya, nikajijaribu mara kumi. Nimepata saba.

Saba siyo kumi. Zamani nilikuwa napata kumi nikiwa naongea na mtu mwingine.

Na kopo halifichiki. Ngumi niliweza kuipeleka sikioni nikajifanya nasikia. Nikitoa kopo mezani, Kimuli nzima itajua.

Sijamwambia Jovin kwamba nimesoma. Wakati wa chakula kasema Mwesiga kamruhusu nusu siku kesho, ana safari ndogo ng'ambo ya bonde asubuhi na baiskeli. Safari ya nini hakusema. Sikuuliza. Nyumba hii sasa ina watu wawili wasiosema.

Jumanne, 8 Julai

Saa mbili. Nimefika. Nimekaa chini mara moja tu njiani. Daftari nimekuja nalo, liko chini ya kitabu cha mapokezi. Kopo liko mezani na kalamu zake, kama siku zote.

Mwenyekiti kaweka kiti upande wangu wa kulia. Kavaa koti. Mstari ni mrefu, wameshasikia kuna mtihani. Edgar hanitazami.

Saa tatu na nusu. Wanne wa kwanza nimewang'atia. Jino linapiga mpaka jichoni. Wawili ndiyo, wawili bado. Mwenyekiti anachota baada yangu, anatikisa sikioni kwake. Ya mmoja wa bado kaitikisa mara ya pili. Kaandika kitu.

Saa nne. Baiskeli ya Jovin. Nimeiona kabla haijafika, inapanda polepole, na nyuma kuna tenga limefungwa kwa jani la mgomba. Pembeni anatembea Mukandekezi na fimbo yake ya kufukuzia kuku. Hiyo ndiyo safari ndogo.

Kashusha tenga. Wamejipanga mwisho wa mstari kama watu wote. Watu wa mbele wakaanza kumpisha bibi, mmoja mmoja. Hakuna aliyewaambia.

Kafika mezani. Shikamoo bibi. Akaniitikia, kwa mdomo wote, polepole. Anafungua jani.

Sikuingiza mkono. Nilisimama. Sijui nilisimama na nguvu gani. Nikasema bibi, kahawa yako ilikuwa kavu. Mara ya kwanza ilikuwa kavu, mara ya pili ilikuwa kavu. Mimi ndiye sikusikia. Dawa ya Mwanza imeniondolea sauti ya kahawa, na nimeficha mwezi mzima, na nimekutembeza bonde lile mara mbili na tenga kichwani. Nisamehe. Na ninyi nyuma mnisamehe.

Nilizungumza kwa sauti kubwa mno, nadhani. Sijui tena kipimo chake.

Hakuna aliyeondoka. Mwenyekiti akavua kofia. Akamgusa Edgar bega, wametoka nje pamoja. Wako karibu na mizani ya zamani, nawaona dirishani. Mwenyekiti anasema, Edgar anatikisa kichwa. Anatikisa hapana, au anatikisa tu. Dirisha ni chafu.

Naandika huku nawasubiri. 

Mukandekezi hajakaa chini. Kanyosha mkono juu ya meza, kagonga kopo langu kwa ukucha, mara moja; Jovin kamwambia njiani, sina shaka. Kisha kanisukumia tenga.

Nimemwaga kalamu zote mezani, imebaki hii. Nimezamisha mkono mpaka katikati. Kopo limejaa nusu, mfuniko umekaa. Mstari umekuwa kimya, kimya cha kweli, naona kwa nyuso zao. Mwenyekiti karudi, kasimama mlangoni na kofia mkononi, Edgar nyuma yake. Walichokubaliana hawajakisema. Jovin katoka mstarini, kazunguka, kaja mbele ya meza, pale ninapomwona uso.

Naweka na hii kalamu chini. Nahitaji mikono miwili.